Sahani Isiyoitishwa

Otieno na wenzako wa jikoni, tangu nivue aproni mmenisumbua niwaandikie mambo ya kazi yangu. "Mzae, andika vile ulianza," mlisema, "na usiache ile story ya sobisu." Haya, nitaandika yote mawili. Lakini nawaambia mapema kwamba nilimwonea wivu Zuhura tangu mwezi wake wa kwanza pale kazini. Sasa nimestaafu, nashinda nyumbani mtaani Satellite nikimwuliza mke wangu chakula cha mchana ni saa ngapi, na wivu wenyewe haujastaafu. Anayetaka kumbukumbu za mzee aliyesamehe watu wote amtafute mzee mwingine.

Nilianzia Kenyatta Market, kwenye kibanda cha kuchoma nyama. Kazi yangu ilikuwa moto na kisu, na mdomo kidogo wa kuitia wateja. Mama Han alikuwa akija kula pale peke yake, mama mfupi wa Kikorea mwenye kofia ya jua, na kila mara alikaa akitazama jiko badala ya watu. Wageni wengine huuliza bei ya mbavu. Yeye siku moja aliniuliza, "Wewe, makaa nunua wapi?" Nikamwambia siangalii yanauzwa wapi, nagonganisha vipande viwili nisikilize, makaa mazuri hulia kama kigae, mabaya hunyamaza. Akatafuna kidogo, akafikiri, akasema, "Jumatatu kuja kwangu."

Kwake kulikuwa hoteli ndogo katikati ya mji, orofa ya pili, juu ya mafundi wa cherehani. Nilifika na kisu changu nimekifunga kwenye gazeti. Mama Han alikiangalia, akakiweka kando, akanipa mkasi. Nilidhani ananituma kwa mafundi wa chini. Kumbe nyama ya Kikorea hukatwa kwa mkasi, tena mezani, mbele ya mteja, ukiishika kwa koleo mkono wa kushoto. Mtu niliyekata mbuzi wazima Kenyatta Market nikasimama mbele ya watu nakata mbavu kama fundi anayepunguza suruali. Siku ile niliomba Mungu asipite mtu yeyote anayenijua.

Jambo la pili gumu lilikuwa jiko lenyewe. Mnajua meza zetu zina jiko katikati na mteja hujichomea. Wakenya wa siku zile hawakulielewa kabisa. Jamaa mmoja mwenye tai aliangalia sinia ya nyama mbichi, akaangalia moto, akaniangalia mimi. "Boss, yaani nilipe, halafu nipike mwenyewe?" Hata mimi nilikuwa najiuliza hivyo hivyo. Mwisho nilijifunza kusimama karibu, kugeuza kipande cha kwanza kwa niaba ya mteja, na kumpa koleo akiwa ameshaanza kumeza mate.

Kila nilichojua baada ya hapo alinifundisha Mama Han. Alinifundisha kutia kabichi chumvi jani kwa jani, na kuonja kimchi, kabichi hiyo ikishachacha na pilipili, kila asubuhi hata kama tumbo halijaamka. Hakuwa na kipimo wala kikombe. Akiona natia chumvi nyingi, alinipiga kofi dogo la kiganja, tunacheka, tunaendelea. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na cha askari wa getini, Kikorea changu kilikuwa maneno ya vyakula tu, na kwa lugha hizo mbili mbovu tulisikizana kuliko ninavyosikizana na ndugu zangu wa damu. Nilijiona mtu wake. Hilo ndilo mlielewe kabla hatujafika kwa Zuhura.

Sasa sobisu. Mara ya kwanza kuiona ilikuwa mchana wa mvua. Mkorea mmoja kijana alikuwa anakula peke yake, koti limelowa, hasemi na mtu. Katikati ya chakula, Mama Han alitoka jikoni na kibakuli cha mayai ya mvuke yaliyofura hadi kumwagika, akakiweka mbele yake kwa mikono miwili, akasema neno moja: "Sobisu." Kijana akainamisha kichwa karibu aguse meza. Hakuwa ameitisha mayai, na hayakuandikwa kwenye bili. Mama Han akarudi kuosha mchele kana kwamba hakuna kilichofanyika.

Nilifurahi sana, kwa sababu nilidhani nimekutana na kitu cha kwetu. Nyongeza! Nani ataniambia nini kuhusu nyongeza? Mama yangu mzazi aliuza mboga maisha yake yote, na kila fungu alilouza alilipandishia majani mengine juu. Kenyatta Market hatukumwuzia mtu kilo bila kionjo kabla na kipande baada. Kwa hiyo wiki hiyo hiyo mteja mmoja aliponiambia, "Mkubwa, si uniongezee kidogo," niliongeza. Mwenzake akaomba, nikaongeza. Muda si mrefu kila meza ilikuwa inaita, na hata mafundi wa chini wakaanza kupanda ngazi saa saba kuuliza kama kuna ya kuongezewa.

Mama Han hakunikaripia. Alingoja watu watoke, akaniketisha. "Karanja, yeye omba, wewe toa. Hii hapana sobisu. Hii bei nashuka tu." Akanieleza kwa vidole na kwa sahani tupu kwamba sobisu haiombwi. Mwenye nyumba ndiye humwona mtu na kuamua. Haipelekwi mwanzo, isionekane kama chambo, wala haipelekwi baada ya bili, isionekane kama pole. Tangu siku hiyo nikikaribia meza na kitu mkononi ambacho hakikuitishwa, alikuwa anasema maneno mawili tu: "Karanja, moto." Nami narudi kwenye moto. Hadi leo naamini aliharakisha kunihukumu. Mtu akiomba nyongeza kwetu anakuheshimu, anakwambia mkono wako ni mwema. Lakini hoteli ilikuwa yake.

Basi sobisu ikawa ya mkono wa Mama Han peke yake, na hilo sikuliona baya. Tulipohama mji tukaja hapa Kileleshwa, kwenye nyumba yenye bustani, meza ziliongezeka na magoti yake yakaanza kumsumbua. Nikawa najiambia siku atakapochoka kutembea, mkono utahamia kwa mtu aliyemzoea kuliko wote. Sikumtaja mtu huyo kwa jina, hata moyoni. Hapakuwa na haja.

Ndipo akaja Zuhura. Msichana wa Mombasa, baba yake ana duka la vitambaa mjini, amevaa mtandio uliopigwa pasi vizuri kuliko shati langu la kanisani. Siku ya kwanza aliniamkia "Shikamoo, mzee," na siku hizo sikuwa mzee, kwa hiyo tulianza vibaya. Akamwambia Mama Han waziwazi kwamba nguruwe hatamgusa, hatambeba, wala hatapangusa meza alipoliwa. Nikatega sikio nisikie akionyeshwa mlango. Mama Han akasema, "Sawa. Wewe samaki, mboga, chai." Yakaisha! Mimi niliwahi kuomba Jumapili asubuhi niimbe na kwaya ya wazee pale Satellite, nikaambiwa Jumapili ndiyo siku ya wateja. Kwa huyu sheria ilikunjwa kama leso.

Haukupita muda, nikasikia dirishani, pale tunapopitishia sahani: "Mzee Karanja, naomba mandu, sahani ndogo." Nikauliza meza gani imeitisha. "Hakuna aliyeitisha, mzee. Ni sobisu." Nikamwambia sobisu ni ya Mama mwenyewe. Akanijibu kwa ile sauti yake ya upole inayokuudhi zaidi ya matusi, "Ndiye aliyenambia nichague, mzee wangu. Kasema leo niangalie mimi." Nilichungulia. Mama Han alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango, ananyoosha mguu, anamtazama Zuhura kwa jicho ambalo nililijua. Ndilo alilokuwa akiniangalia nalo nilipogonganisha makaa.

Hebu fikirini. Mandu, vile vifuko vya unga vyenye mboga ndani, nilikuwa nazikunja mimi, moja moja, kingo zimebanwa. Nazitia mvuke mimi. Halafu msichana wa juzi anazibeba hatua chache na kupokea shukrani yote. Nilisimama dirishani na taulo begani nikiona watu wakimwinamia kichwa, wakimshika mkono, wakimwuliza jina. Nilikuwa nawaka. Mke wangu aliniuliza jioni mbona nimekunja uso, nikasema ni moshi.

Na kilichonichoma zaidi ni kwamba aliweza. Mnawajua watu wetu: ukiwaletea kitu ambacho hawajaitisha, wanadhani ni mtego. Siku moja jamaa mmoja wa ofisini alisukuma sahani mbali. "Madam, hii sijaitisha. Msiniwekee kwa bili, nitakataa kulipa." Ingekuwa ni mimi, tungezozana hadi aite meneja, na meneja hatuna. Zuhura akacheka kidogo tu. "Hiyo haiandikwi, kakangu. Nimekuona umechoka, nikaona ule kwa raha. Usipoila hiyo, nitaila mimi, na mimi nshashiba." Jamaa akavuta sahani pole pole. Mwezi uliofuata alikuja na mama yake. Mimi dirishani nikatafuta kosa kwenye maneno yale na sikuliona, na hilo lenyewe lilinikera wiki nzima.

Alasiri moja, saa zile za mapumziko kati ya wateja wa mchana na wa jioni, nilikuwa nimeinama nyuma ya friji nasugua wavu wa jiko. Zuhura na Mama Han walikuwa mezani wanachambua chipukizi za maharagwe, kukata mikia. Zuhura akauliza, "Mama, hivi hili neno sobisu ni lenu hasa, la asili?"

Mama Han akacheka. "Hapana yetu! Kingereza hii. Sevisi."

Kisha akamweleza. Alieleza polepole, kwa Kiswahili kizuri kuliko nilivyowahi kumsikia, kwa sababu Zuhura alikuwa akimsaidia neno linapokwama. Alisema neno lilitoka kwa Waingereza likiwa na maana ya kuhudumia, likapitia kwa Wajapani. Huko wenye maduka wakalitumia kwa kile kitu anachotupiwa mteja juu ya alichonunua, kwa kuwa kumhudumia vizuri ni pamoja na kumpa cha ziada. Lilipovuka bahari kuingia Korea likaja na maana hiyo, na ulimi wa Wakorea, ambao hauna sauti ya "v", ukalifanya sobisu. Alipokuwa mtoto, alisema, mama yake aliuza samaki wakavu sokoni kwenye mji wa bandari, na wakati huo neno lao lilikuwa lingine: "dom." Mteja akishapimiwa, mama yake alichota kiganja akatupia juu ya kipimo, akasema, "Dom." Baadaye zikaja hoteli zenye vibao vya taa, sobisu ikaenea na watu wapya, na dom ikabaki sokoni na wamama.

Nilibaki nimeinama pale na brashi mkononi. Kiganja juu ya kipimo! Mama yake na mama yangu walikuwa kazi moja, mkono mmoja, huyu samaki, huyu sukuma wiki. Miaka yote tuliyokaa jikoni na Mama Han bega kwa bega hakuniambia mama yake aliuza sokoni. Akaenda kumwambia mtoto wa duka la vitambaa, watu wanaopima kwa rula ya chuma na kukata pale pale kwenye alama! Nilitaka kusimama niseme, Mama, hiyo dom naijua mimi, nimelelewa nayo. Lakini ukiwa nyuma ya friji unasikiliza mazungumzo ya watu, huwezi kuibuka ghafla na hoja.

Nikalifikiria neno lenyewe nikipanda kwenda nyumbani. Kumbe lilitoka kwa mwenyewe mmoja likashika njia mbili. Sisi nasi tunalo: gari linapelekwa sevisi, Jumapili tuna sevisi ya kwanza na ya pili, na zote mbili huishia na wewe kutia mkono mfukoni. Kule lilikofika kwa njia ndefu likawa cha bure. Niliona ni wazo zuri, nikaliweka la kumwambia Mama Han. Na kesho yake, ili Zuhura ajue sikuzaliwa jana, nikamwambia, "Hiyo dom yenu ni nyongeza tu."

"Ndiyo, mzee," akasema, "ndivyo nilivyomwambia Mama. Nikamwambia na sevisi ya gari, akacheka mpaka machozi."

Nilirudi kwenye moto. Hata wazo langu alikuwa ameshalipeleka mezani.

Mama Han alipotangaza kwamba binti yake amemwita nyumbani akapumzishe magoti, hoteli ibaki kwa mpwa wake, tulikuwa wote jikoni. Mpwa mnamjua, mpaka leo hajui makaa yanawashwa upande gani. Kwa hiyo mwenye nyumba wa kweli angekuwa yule atakayepewa sobisu, na kila mtu pale alilijua hilo. Mama Han akazunguka akimwekea kila mtu mkono begani na kumtajia kazi yake. Alipofika kwangu: "Karanja, moto." Alipofika kwa Zuhura: "Sobisu, Zuhura." Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga pia, kwa kuwa mikono ilikuwa mitupu.

Sikulala vizuri, na asubuhi nilimfuata kwenye bustani alikokuwa anaanua pilipili. "Mama," nikamwambia, "mimi ndio nilianza na wewe kule town. Huyu msichana amekuja juzi. Mbona umempea yeye?"

Hakushangaa. Aliendelea na pilipili zake. "Karanja, mimi toa wewe kwa moto, watu nakula nini?" Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Zuhura naona nani amekuja peke yake. Wewe naona nani tarudi kesho."

Lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli, na kwa sababu sikuona ubaya wake. Hoteli isiyojua nani atarudi hufungwa. Nikatoa lile la mwisho, ambalo sikuwa nimepanga kulitoa. "Na hata siku moja mimi mwenyewe hujawahi kunipatia sobisu. Hata yai."

Hapo akaweka kikapu chini. Akaniangalia, akaanza kucheka, akacheka hadi akashika mti. "Wewe? Sobisu ya mgeni! Wewe mgeni? Wewe nakula kwa sufuria!" Akanipiga lile kofi lake dogo la kiganja. "Mtu ya nyumba hakuna sobisu, Karanja. Hakuna."

Akaondoka wiki hiyo. Sitawadanganya kwamba wivu uliisha. Kila sahani aliyokuja kuchukua Zuhura dirishani niliisukuma kwa nguvu kidogo kuliko inavyohitajika. Lakini nilikuwa na lile neno la bustanini, na nililishika. Yeye ana mkono, nilijiambia, lakini mimi ni wa nyumba, tena wa nyumba tangu ile ya orofa ya pili, kabla hajajua Nairobi iko wapi. Lilinitosha kufanyia kazi hadi mliponikatia keki ya kustaafu.

Sasa la mwisho, ambalo nadhani hamlijui, kwa sababu Otieno ulikuwa umeshughulika na moto. Jumamosi iliyopita mke wangu alisema miaka yote hii ananisikia nikisimulia nyama ya Kikorea na hajawahi kukaa pale akaila. Tukavaa, tukaja. Nilishika njia ya nyuma kwa mazoea, akanivuta koti. Tukaingia kwa mlango wa mbele.

Zuhura alituona kabla hatujafika kwenye ngazi. "Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama. Karibuni, karibuni mno." Akatupa meza ya bustanini, akamwekea mke wangu mto mgongoni. Nilikaa nikijaribu kutosikiliza jikoni. Nikamkatia mke wangu nyama kwa mkasi, akacheka kama nilivyotaka acheke. Niliona msichana aliyekuwa peke yake meza ya pembeni akipelekewa mayai ya mvuke, nikakubali kimoyomoyo kwamba hata mimi, safari hii, ningempelekea huyo huyo.

Tulikuwa tumefika katikati ya chakula Zuhura alipokuja tena. Alikuwa na sahani ndogo, ameishika kwa mikono miwili. Mandu. Akaiweka kati yetu, mahali pazuri, bila kuharakisha.

"Sobisu, mzee wangu," akasema.

Mke wangu akapiga makofi. "Ona! Si unaona wamekukumbuka?"

Nikamwangalia Zuhura usoni nikitafuta kejeli. Ningeipata, ningejua la kufanya. Ningesimama, ningesema neno, ningerudi nyumbani na hasira yangu kamili. Haikuwepo. Alikuwa ameniona tu, mzee mgeni aliyekuja kula, akaamua. Macho yake yalikuwa na maji kidogo. Nikainamisha kichwa, kama walivyokuwa wakifanya wote, nikasema asante, akaondoka kwenda meza nyingine.

"Mbona huli?" mke wangu akauliza. "Zitapoa."

Nikachukua ya kwanza. Kingo zilikuwa zimebanwa sawasawa, Otieno. Unga haukuwa mzito, mvuke ulikuwa umeingia hadi katikati, chumvi ilikuwa ya haki. Nikachukua ya pili, nikaigeuza, nikaitazama chini. Nilitafuta kosa kwenye sahani ile mpaka ikaisha.